Parvo: ugonjwa wa utumbo ulioizunguka dunia ya mbwa ndani ya miaka miwili

Mpaka mwaka 1977, hakuna daktari wa mifugo aliyekuwa amewahi kuandika kwenye kadi ya mgonjwa kwamba mbwa huyu ana parvo ile tunayoijua leo. Kufikia 1980 ugonjwa huo ulikuwa umeenea karibu dunia nzima. Sisi tuliozaliwa miaka ya tisini tumeikuta parvo ipo tu, kama tulivyozikuta mbu na foleni, na ni rahisi kudhani imekuwepo tangu mbwa waanze kuishi na binadamu. Kumbe ni ugonjwa mchanga. Ni mdogo kiumri kuliko wazazi wetu wengi, na historia yake imeandikwa na watu waliouona ukizaliwa.

Nimeamua kuiandika kwa sababu moja ya mtaani kabisa. Mbwa mchanga akitapika na kuharisha damu, hukumu hutolewa haraka: amelishwa sumu. Jirani mwenye kuku anaanza kuangaliwa vibaya, mtu anakimbilia dukani kuleta maziwa, mbwa ananyweshwa kwa nguvu, na kesho yake anazikwa. Wiki inayofuata ndugu zake wa tumbo moja nao wanaanguka mmoja mmoja, na jirani anazidi kuwa mtuhumiwa. Mara nyingi jirani wa watu hana hatia yoyote. Na mbwa angeweza kupona.

Kabla ya 1978

Kuharisha kwa mbwa si habari mpya. Vitabu vya zamani vya tiba ya mifugo vimejaa minyoo, sumu, mifupa iliyokwama, na homa ya distempa ambayo nayo hushika tumbo. Mwaka 1971 wanasayansi walipata virusi vya korona vya mbwa kutoka kwa mbwa wa jeshi la Marekani waliokuwa Ujerumani wakiugua tumbo. (Ndiyo, korona. Ila hii ni ya mbwa, haina uhusiano na ile iliyotufungia vyuo.) Mwaka 1967 kulikuwa kumegunduliwa kirusi kingine kidogo sana cha mbwa, ambacho hakikuonekana kuwa na madhara makubwa, nacho kikaitwa parvo. Neno lenyewe linatokana na Kilatini, maana yake ni "kidogo". Ndiyo maana muuaji alipokuja baadaye alipewa namba mbili. Kwenye makala za kitaalamu utaona anaitwa CPV-2.

Kwa paka hali ilikuwa tofauti. Paka walikuwa na ugonjwa wao wa siku nyingi, panlukopenia, ambao huharibu utumbo na kumaliza seli nyeupe za damu. Kwamba unasababishwa na virusi ilijulikana tangu miaka ya 1920. Minki, wale wanyama wanaofugwa kwa ajili ya manyoya, nao walipata ugonjwa wa aina hiyo Kanada mwishoni mwa miaka ya 1940. Mbwa walikuwa salama. Virusi vya paka havikuweza kuingia kwenye seli za mbwa.

Mwaka wenyewe

Katikati ya 1978 taarifa zilianza kutoka sehemu mbalimbali karibu kwa wakati mmoja: Marekani, Ulaya, Australia. Mbwa waliotoka kwenye maonyesho na mabanda ya kufugia walirudi nyumbani wakiwa wamepooza, wakakataa chakula, wakatapika, kisha wakaharisha kinyesi chenye damu na harufu ambayo ukishaikuta mara moja huisahau. Tena hawakuwa watoto tu. Mbwa wazima wenye afya zao walikufa ndani ya siku mbili au tatu, maana hapakuwa na mbwa hata mmoja mwenye kinga.

Kulikuwa pia na sura ya pili ambayo leo karibu tumeisahau. Watoto wa wiki chache waliokuwa wananyonya na kucheza vizuri walianguka ghafla wakafa bila kuharisha. Walipopasuliwa, tatizo lilikuwa kwenye moyo. Virusi hivi hupenda seli zinazogawanyika, na katika siku za mwanzo za maisha misuli ya moyo wa mtoto wa mbwa bado inagawanyika. Mama ambaye hajawahi kukutana na ugonjwa hana kingamwili za kumpa mtoto, kwa hiyo moyo ulikuwa wazi. Miaka michache baadaye, mama wengi walipokuwa wamechanjwa au wamepona, sura hii ilipungua mpaka ikawa nadra. Kwa hiyo daktari aliyehitimu 1990 na yule aliyefanya kazi 1979 waliona magonjwa mawili tofauti kwa macho, ingawa kirusi ni kilekile.

Jinsi ugonjwa ulivyotambuliwa ndipo ninapopapenda zaidi. Waliopasua mizoga waliona picha waliyoizoea kutoka kwa paka: ukuta wa utumbo uliochubuka, seli nyeupe zilizoisha. Wakachukua kinyesi, wakakiweka kwenye hadubini ya elektroni, wakaona viduara vidogo vya nanomita 25 hivi. Ukivipanga mstari, 40,000 vinafanya milimita moja. Katika Taasisi ya Baker ya Chuo Kikuu cha Cornell, kule Ithaca, New York, kundi la Leland Carmichael na Max Appel lilikuwa miongoni mwa yaliyovitenga virusi hivyo na kuthibitisha kwamba ndivyo vinavyoleta ugonjwa. Yote haya kwa muda wa miezi, bila kusoma vinasaba kwa mashine kama tunavyofanya sasa.

Kisha likaja swali: vimetoka wapi? Jibu la kwanza lilitoka kwenye friza. Maabara nyingi zina tabia ya kutotupa sampuli za damu, na kila mwanafunzi wa uzamili anajua jinsi friza hizo zinavyogombaniwa. Watafiti walitoa damu za mbwa za miaka ya nyuma na kutafuta kingamwili za parvo. Damu za Marekani za kabla ya 1978 hazikuwa nazo. Lakini damu za Ugiriki za 1974 zilikuwa nazo chache, na za Ubelgiji na Uholanzi za katikati ya miaka ya sabini pia. Maana yake ugonjwa ulikuwa umeshaanza kunong'ona Ulaya miaka kadhaa kabla ya kupiga kelele duniani.

Vinasaba viliposomwa, ukoo ukaonekana: ni ndugu wa karibu sana wa virusi vya paka. Utafiti wa Colin Parrish na wenzake, hukohuko Cornell, ulionyesha kwamba tofauti zinazoamua nani aingiwe ni chache mno, zikiwemo asidi amino kwenye nafasi ya 93 na ya 323 za protini ya ganda. Ganda hilo ndilo linaloshika mlango wa seli, na mlango wenyewe ni ule ambao seli hutumia kuingizia madini ya chuma. Badilisha viungo vichache, ufunguo wa paka unafungua kufuli la mbwa. Njia kamili iliyopitiwa bado inabishaniwa. Wapo waliosema labda ni chanjo ya paka iliyoasi, na wapo wanaoona wanyama wa porini kama mbweha walikuwa daraja. Ushahidi wa vinasaba umeelemea zaidi upande wa wanyama wa porini.

Na havikutulia. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya themanini, aina iliyobadilika kidogo, 2a, ilikuwa imeifukuza ile ya kwanza kote duniani. Baadaye ikaja 2b, kisha 2c iliyoripotiwa Italia mwaka 2000. Aina hizi mpya zilipata tena uwezo ambao ile ya 1978 ilikuwa imeupoteza, yaani kumwingia paka. Binadamu hatumo kwenye orodha. Sisi tuna parvo yetu, B19, iliyogunduliwa London mwaka 1975, na hatuambukizani na mbwa.

Kinachotokea tumboni

Ukuta wa utumbo mwembamba umejaa vidole vidogo vidogo vinavyofyonza chakula. Seli za juu ya vidole hivyo huishi siku chache tu, hufa na kubadilishwa na mpya zinazozaliwa kwenye vishimo vilivyo chini yake. Parvo ni ndogo kiasi kwamba haina vifaa vyake vya kunakili DNA. Inategemea seli iliyo katikati ya kugawanyika. Kwa hiyo inashambulia vishimo vile, kiwandani kwenyewe. Kwa muda hakuna kinachoonekana, kisha vidole vinaanza kukatika na hakuna mbadala.

Hapo mambo matatu yanatokea kwa pamoja. Maji na chumvi vinavuja kwenda nje. Damu inavuja. Na bakteria, ambao siku zote wanaishi utumboni bila kesi, wanapita kwenye ukuta uliobomoka na kuingia kwenye damu, wakati huohuo uboho wa mifupa nao umeshambuliwa na hauzalishi seli nyeupe za kuwazuia. Mara nyingi mbwa wa parvo hauawi na kirusi chenyewe. Anauawa na kukaukiwa maji na bakteria wake mwenyewe.

Hili ndilo linalotenganisha parvo na sumu. Sumu za wadudu zinazotumika mtaani kuulia mbwa hufanya kazi ndani ya dakika au saa chache: mate yanamwagika, misuli inatetemeka, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, mbwa anapata degedege. Parvo huanza kimyakimya. Siku tatu hadi kumi baada ya kuambukizwa, mbwa anakuwa mpole kupita kawaida na anaacha chakula. Joto linaweza kupanda hadi nyuzi 40 au 41, wakati la kawaida ni 38 na ushei. Kutapika hufuata, na kuharisha mara nyingi ndiko kunakuja mwisho, siku ya pili hivi. Mtu anayesubiri damu ndipo aamini kuwa mbwa anaumwa ameshapoteza siku nzima. Vuta ngozi ya shingoni: ikikawia kurudi, maji yamepungua. Bonyeza ufizi: rangi ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, damu haizunguki vizuri. Minyoo ya safura nayo huleta damu kwenye kinyesi cha mtoto wa mbwa, na wengi huwa na vyote viwili, ndiyo maana kipimo cha kinyesi ni muhimu. Kipo cha haraka kinachotoa jibu ndani ya dakika 10 hivi. Kikisema hapana huku dalili zote zipo, daktari mzuri hatakiamini moja kwa moja.

Dripu, kisha chakula

Mwaka 1978 hapakuwa na dawa ya kuua kirusi hiki. Na kwa zaidi ya miaka arobaini iliyofuata haikupatikana. Bila matibabu, hadi mbwa tisa kati ya kumi wanaweza kufa. Kwa matibabu mazuri idadi inageuka juu chini, tisa wanapona. Tofauti kubwa hivyo imeletwa zaidi na maji.

Si jambo geni kwa waliosoma historia ya kipindupindu. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akaanza kugawa maji ya chumvi na sukari, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Mbwa wa parvo anatapika mno, hivyo kumnywesha peke yake hakutoshi. Lakini hesabu ni ileile: rudisha kinachovuja kwa kasi kinavyovuja, na utumbo utajijenga wenyewe ndani ya siku kadhaa. Madaktari wa 1978 walilielewa hili mapema. Waliweka dripu ya Ringa, wakaongeza potasiamu na sukari pale inapopungua, wakazuia kutapika, na wakatoa antibayotiki. Antibayotiki hazigusi virusi. Kazi yake ni wale bakteria waliopita ukutani.

Walichokosea ni chakula. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kulipumzisha tumbo: asile kitu chochote mpaka kutapika kukome, hata siku tatu. Inasikika kama busara, na watu wengi bado wanaishika. Iliyoivunja ni kazi ya Afrika. Mwaka 2003, Mohr na wenzake wa Onderstepoort, kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Pretoria, walichapisha jaribio la mbwa 30 wenye parvo kali. Nusu walifungishwa kama kawaida. Nusu nyingine walilishwa kwa mrija mwembamba wa puani kuanzia saa 12 baada ya kulazwa, hata kama bado wanatapika. Waliolishwa walianza kuchangamka mapema kwa siku moja hivi na wakaongeza uzito. Wote 15 walipona, na kwa waliofungishwa walipona 13. Kwa idadi ndogo hivyo tofauti ya vifo haithibitishi mengi, na binafsi nisingeibeba peke yake. Ila jambo la kupona haraka lilieleweka vizuri: seli za utumbo hupata sehemu kubwa ya lishe yake kutoka kwenye chakula kinachopita mbele yake. Ukiufungisha, unawanyima mafundi wa ukuta tofali.

Hatua ya pili ilihusu fedha. Kulaza mbwa siku tano kwenye dripu ni gharama kubwa hata Marekani, na wengi walichagua sindano ya kumlaza usingizi wa milele. Kundi la Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado likajiuliza: je, mwenye uwezo mdogo anaweza kusaidiwa bila kulazwa? Mbwa 40 waligawanywa. Wote kwanza walirudishiwa maji kwa mshipa mpaka mzunguko wa damu ukae sawa. Kisha 20 wakalazwa, na 20 wakahudumiwa kwa mpango wa nje: maji chini ya ngozi mara kadhaa kwa siku, dawa ya kuzuia kutapika, na antibayotiki ya muda mrefu sindano moja. Matokeo yaliyochapishwa 2017: kwa waliolazwa walipona 18, kwa wa nje 16. Kwa mtu wa Morogoro au Nakuru ambaye kliniki ya kulaza mbwa iko mbali, takwimu hii ina maana kubwa kuliko mashine yoyote. Tahadhari ni kwamba haikuwa tiba ya kienyeji. Daktari alikuwepo, na mbwa alipimwa kila siku.

Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kwa masharti kingamwili ya kutengenezwa maabara inayokinasa kirusi chenyewe. Ni hatua kubwa. Ila bei na jokofu vinaiweka mbali na wengi wetu, kwa hiyo dripu bado haijastaafu.

Kuhusu yale maziwa ya kunyweshwa kwa nguvu: mbwa anayetapika akimiminiwa kitu kooni anaweza kukivutia kwenye mapafu. Na vidonge vya maumivu vya binadamu, diklofenaki na ibuprofeni, huchubua tumbo la mbwa ambalo tayari limechubuka. Heri umpeleke bila kumpa kitu.

Chanjo na pengo lake

Mwanzoni, wakati hakuna chanjo ya mbwa, madaktari walitumia ya paka kwa sababu ya ule undugu, nayo ilisaidia kiasi. Chanjo ziligombaniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Carmichael na wenzake walipata chanjo hai iliyodhoofishwa, na kizazi hicho ndicho kinachotumika hadi leo.

Lakini watu wakaanza kulalamika kuwa mbwa aliyechanjwa amekufa na parvo. Malalamiko hayo unayasikia mpaka sasa. Sababu ni maziwa ya mama. Mtoto hupokea kingamwili kwenye maziwa ya kwanza, na hizo hupungua kwa nusu kila baada ya siku kumi hivi. Kuna wiki kadhaa ambapo zimebaki chache mno kumlinda na kirusi cha mtaani, lakini bado zinatosha kuiua chanjo. Hakuna anayeweza kukisia pengo hilo litamwangukia mtoto gani wiki gani. Ndiyo maana sindano inarudiwa kila wiki mbili hadi nne tangu wiki ya sita au ya nane mpaka afikishe wiki 16 au zaidi. Aliyechanjwa mara moja akiwa na wiki saba, mwenye kadi yenye mhuri mzuri, anaweza kuwa hajachanjwa hata kidogo. Kibaya zaidi, chanjo iliyokaa nje ya jokofu njia nzima kutoka mjini haitofautiani na maji.

Wanyama wa porini walilipa pia. Kwenye kisiwa cha Isle Royale, Marekani, mbwa mwitu wa kaskazini walihesabiwa 50 mwaka 1980. Mwaka 1982 walibaki 14, na kingamwili za parvo zikakutwa kwenye damu yao. Inaaminika kirusi kililetwa na mbwa wa mgeni, ingawa mbwa walikuwa marufuku kisiwani. (Kiswahili kinawaita mbwa mwitu wao na wale wetu wenye mabaka wa Selous, ingawa ni wanyama wawili tofauti kabisa.) Wale wa Selous nao, walipopimwa miaka ya tisini, walikutwa na kingamwili za parvo. Vijiji vinavyopakana na Serengeti vimekuwa na kampeni ambazo mbwa huchanjwa dhidi ya parvo na distempa pamoja na kichaa cha mbwa, na wanaolindwa hapo si mbwa peke yao.

Kuhusu nyumba ambayo mbwa ameshafia: kirusi hiki hakina utando wa mafuta, hivyo sabuni na spiriti havikisumbui. Jiki hukiua, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, sakafu ikiwa imesuguliwa kwanza na jiki ikaachwa dakika kumi. Udongo wa uani hauoshwi kwa jiki. Humo kinaweza kukaa miezi mingi, hata mwaka na zaidi penye kivuli na unyevu. Kwa hiyo kabla ya kuleta mtoto mwingine wa mbwa kuziba nafasi, leta aliyemaliza chanjo zake zote.